Siumwi mwanangu, ni mfupa

Mwanangu, jana tulivokata simu nilibaki na swali lako, "mama mbona uso umekuwa mwingine, unaumwa unatuficha?" Siumwi, kilo zangu ni zilezile 68. Nimetoa ile picha yangu ya kitambulisho ya 1991 nikaiweka pembeni ya kioo nikajiangalia vizuri, maana sie tunasemaga ngozi imelegea basi, kumbe hata mfupa wenyewe wa uso unapungua.

Daktari wa meno ndo alinieleza, matundu ya macho kwenye fuvu yanapanuka taratibu ndo maana macho yanaonekana yameingia ndani, taya la juu linarudi nyuma sasa pua inakosa pa kuegemea ncha inashuka, afu mafuta ya mashavu yanapungua na kuteremka, pembeni ya mdomo ndo panaingia ule mkunjo. Masikio nayo yanarefuka, kama milimita 2 kila miaka 10. Na sie wanawake tukishakoma hedhi mfupa unaisha haraka zaidi.

Ila kwangu kikubwa ni taya la chini. Unakumbuka nilivong'oa magego matatu ya kushoto, we uko darasa la nne? Yalikuwa yanazibika yale, lakini pale nilipoenda waling'oa tu na mimi nikakubali, inaniuma mpaka leo. Mfupa unaoshika jino unabaki kwa sababu jino lipo, likitoka unaanza kulika, mwaka wa kwanza ndo sana, na hauachi. Nikipitisha kidole kwenye fizi huku kushoto pamebonyea kabisa, kulia pamesimama. Ndo hilo shavu uliloliona. Bibi yangu mimi alikuwa kibogoyo, akitafuna kidevu kinapanda karibu kigusane na pua, sie watoto tukajua ndo uzee wenyewe ulivo, kumbe ni mapengo, angekuwa na meno yake sura ingekuwa nyingine.

Sasa we mwezi uliopita uliniambia gego linakuuma ukinywa cha baridi na unameza dawa za maumivu tu. Nenda wiki hii mama, na wakisema wang'oe waulize kwanza kama linazibika au mzizi unasafishika. Hela nakutumia Ijumaa, usiifanyie kitu kingine.

Mamako