Sekunde 8 za Paris

SWALI: Nimefuatilia mbio za baiskeli miaka mingi, na Tour de France ya 1989 bado inanipandisha mori. Mmarekani Greg LeMond aliwezaje kufuta sekunde 50 alizotanguliwa na Mfaransa Laurent Fignon siku ya mwisho? Ni ule usukani wake wenye vishikio virefu tu?

JIBU: Usukani ulichangia sana, lakini si peke yake. Hatua ile ya Julai 23, Versailles hadi Paris, ilikuwa ya kilomita 24.5 dhidi ya saa, yaani kila mmoja huendesha peke yake na kupimwa muda. Kwa hiyo LeMond alihitaji kumzidi Fignon kwa zaidi ya sekunde 2 kila kilomita. Alitumia dakika 26:57, Fignon 27:55. Pengo la mwisho: sekunde 8!

Kwa mwendo wa kilomita 50 na zaidi kwa saa, nguvu nyingi za miguu huishia kupambana na hewa, na kinachoikinga hewa hasa ni mwili, si baiskeli. Usukani ule wenye vishikio virefu vya mbele hukusanya viwiko, hulaza mgongo na kuziba kifua. LeMond alivaa pia kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alishika usukani wa pembe (ncha mbili zilizochomoza mbele kama pembe za ng'ombe), kichwa wazi, nywele amezifunga mkia; juu ya hayo, alikuwa na jipu mahali pa kukalia. Hata hivyo alimaliza wa tatu siku hiyo, kwa hiyo wanaosema alizembea wanamwonea.

Ukitaka kuujaribu usukani wa LeMond, tafuta barabara tupu kwanza. Mikono ikiwa mbele huwa mbali na breki, na usukani huyumba kirahisi. Kwenye kundi, usithubutu.