Embe la Kabaidi: Rangi Ipo, Ladha Haipo

Ndugu yetu ameuliza kwa nini boribo, aina mojawapo ya embe, alilolinunua hapa Malindi lilikuwa la manjano tupu kwa nje, ilhali ndani lilikuwa kali na halina harufu. Kwa kuwa nimekulia katika biashara ya maembe, tukiyanunua mashambani Magarini na kuyavundika wenyewe, nitamjibu kwa urefu kidogo.

Rangi na ladha ni kazi mbili, ingawa amri ya kuzianza ni moja, yaani gesi ya etilini ambayo embe lenyewe huitengeneza likishapevuka. Gesi hiyo ikiongezeka, klorofili, yaani rangi ya kijani ya ganda, huvunjika na karotenoidi za rangi ya manjano hujitokeza. Hilo ni jepesi, hata embe changa huliweza. Utamu, kinyume chake, hutokana na wanga ambao majani yaliulisha tunda lingali mtini. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda, huugeuza wanga huo kuwa sukari, huku asidi ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wenyewe, ikipungua. Embe lililochumwa kabla ya kujaa wanga halina cha kugeuza, hata ulivundike vipi. Harufu nayo ni mchanganyiko wa kemikali za kunukia ziitwazo terpeni, esta na laktoni, na nyingi kati ya hizo hukamilika mwishoni mwa kuiva.

Kabaidi, kemikali ambayo baadhi ya wauzaji huivundikia matunda, ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga etilini, kwa hiyo mwenye haraka huchuma machanga mwanzo wa msimu, bei ikiwa juu, akayapa rangi ya manjano kwa njia hiyo. Isitoshe, kabaidi ya viwandani huweza kuwa na masalia ya aseniki na fosforasi, nami siigusi.

Sisi kabla ya kuchuma hutazama mabega: ya embe pevu huwa yamejaa na kuinuka kupita shina la kikonyo. Kisha tunalipasua moja, na nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa bado nyeupe, tunauacha mti huo. Huenda boribo la ndugu yetu lilichumwa likiwa na weupe huo.

Wekundu wa shavu la embe aina ya Apple usikubabaishe pia, maana hiyo ni anthosianini, rangi nyekundu ya asili ambayo hujengwa kwa mwanga wa jua. Tunda lililojificha ndani ya majani huweza kukosa wekundu na bado likawa tamu. Embe aina ya Ngowe halina mapambo hayo, na kwangu mimi halina mpinzani.

Ukipata maembe mapevu ambayo hayajaiva, yafunike guniani pamoja na ndizi mbivu, kwani ndizi hutoa etilini kwa wingi. Usiyatangulize kwenye friji, kwa sababu chini ya nyuzi 12 hivi ganda hufanya madoa, na embe huweza kukwama bila kuiva sawasawa hata ukilitoa baadaye.