Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Dripu ya Kwanza

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nimegundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin, na kutoka hospitali ya Bombo nimepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road kuanza tibakemikali, yaani dawa za saratani za dripu. Nina mchumba, na nasikia dawa hizo humfanya mwanamume asizae. Shangazi amenisisitizia ninywe habasoda na asali ili kuzilinda mbegu. Je, itasaidia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole kwa maradhi. Habasoda imejaribiwa kwa panya waliopewa dawa za saratani, na baadhi ya matokeo yalitia moyo. Lakini panya si mwanamume wa Ngamiani, na mpaka leo hakuna mmea, vitamini wala sindano ya homoni iliyothibitika kuzikinga mbegu za mwanamume. Mweleze daktari wako kabla ya kuitumia, bila kumvunjia shangazi heshima.

Njia ya kutegemewa ni kuhifadhi manii kabla ya dripu ya kwanza. Dawa hizi hushambulia chembe zinazogawanyika kwa kasi, zikiwemo zile za korodani zinazozalisha mbegu. Chembe zinazotengeneza homoni ya kiume ni sugu zaidi, na ndiyo maana mtu aweza kubaki na nguvu zake za kiume ilhali manii yake hayana mbegu, akadhani amesalimika. Manii hutolewa mara 2 au 3, kila mara baada ya kujizuia kwa siku 2 hadi 5, kisha hugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na huweza kukaa humo miaka mingi. Kama namna ya kuyatoa inakutia shaka kidini, zungumza na shehe wako sasa, usisubiri mpaka ufike mlangoni mwa kliniki. Wala usivunjike moyo ukiambiwa mbegu ni chache, kwani Hodgkin yenyewe mara nyingi huzipunguza, na tangu 1992 watoto wamekuwa wakizaliwa kwa mbegu moja tu kudungwa ndani ya yai.

Muulize daktari pia utapewa dawa zipi. Mchanganyiko wa dawa nne uitwao ABVD huumiza uzazi kidogo kuliko michanganyiko yenye dawa za prokabazini au siklofosfamaidi nyingi, na wengi waliotibiwa nao mbegu zao hurejea, ingawa hakuna awezaye kukuahidi hilo. Ukioa katikati ya matibabu, zuieni mimba hadi daktari aruhusu, kwa kawaida mwaka mmoja hivi baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu mbegu zilizoguswa na dawa zinaweza kuwa na kasoro.

Kwa maoni yangu daktari ndiye anayepaswa kulianzisha jambo hili, lakini kwenye foleni ndefu husahaulika, basi lianzishe wewe. Zipigie simu kliniki za upandikizaji mimba za Dar es Salaam kabla ya kupanda basi, uulize kama zinagandisha manii, gharama ya mwanzo ni kiasi gani, na ada ya kuyatunza kila mwaka ni ipi.