Uji wa Korosho Naujua, Nimeupika Mara Tano

Juzi msomaji mmoja aliyejaribu kupika kaju katli, kile kitamu cha Kihindi cha korosho kinachokatwa vipande, kaniandikia: "Dada, kaju katli yako imeniaibisha mbele ya wageni. Nimepata uji." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Uji huo naujua.

Nilisoma Vadodara, kule Gujarat, miaka 3. Diwali ikikaribia, mama mwenye nyumba, tuliyezoea kumwita Anti, alikuwa hatoki jikoni. Kesho yake ndiyo mwaka mpya wa Wagujarati, na majirani hupelekeana visanduku vya vitamu, kwa hiyo aibu ya kaju katli mbovu ingezunguka mtaa mzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kumenya iliki. Miaka 3 namenya iliki, nikajiona nimehitimu.

Niliporudi Dar nikautangazia ukoo. Nikanunua korosho za Mtwara, kilo nzima, na bei yake mnaijua. Nikaziachia blenda ivume mpaka zikatoa mafuta, zikawa kama siagi ya karanga. Shira nayo nikaiepua mapema. Wifi yangu akachota kwa kijiko, akauliza watu wote wanasikia: "Hii ya kunywa au ya kulamba?" Sasa ana watoto wawili, na mimi sijasahau.

Basi sikiliza. Korosho mbichi vikombe 2, yaani zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, sukari kikombe 1, maji nusu kikombe. Saga kwa kushtuashtua, washa-zima, washa-zima, halafu chekecha. Korosho zikitoka kwenye friji ziache kwanza ubaridi uzitoke na zikauke, la sivyo unga utashikana.

Shira ndiyo kila kitu. Sisi tuliokulia kaimati tunadhani shira tunaijua, kumbe hii ina ukaidi wake. Anti hakuwa na kipimo chochote. Alichota tone kwa mwiko, akalipuliza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha taratibu. Uzi usipotokea, bado. Ukitokea mmoja, mwembamba kama wa buibui, usiokatika upesi, hapo hapo mimina unga. Zikiwa nyuzi mbili tatu umechelewa, itakuwa makombo. Mara zangu tano zote niliona uzi kwa matumaini, si kwa macho.

Ukishamimina, moto mdogo na mkono usipumzike, mpaka donge liachane na sufuria. Finyanga kidogo kama gololi: isiponata vidoleni, epua. Tia samli kijiko na iliki, kanda ikiwa bado ya moto (utaungua kidogo, vumilia), sukuma juu ya karatasi iliyopakwa samli, nusu sentimita hivi, ukate pembe nne za mshazari. Ile karatasi nyembamba ya fedha inayoliwa, ya kubandika juu, ni urembo, mimi siweki.

Na jamani, tuache papara. Tunatazama video ya dakika moja tunataka kula dakika ya pili. Korosho zinatoka kwetu, magunia kwa magunia yanapelekwa India yakabanguliwe, hata jina tunachangia: kaju yao na mkanju wetu wa pwani ni neno moja la Wareno. Halafu kitamu chake tunaenda kununua dukani kwa sababu hatuwezi kusimama jikoni robo saa bila simu! Simama. Tazama uzi.

Diwali iliyopita nilimpandishia bibi wa Kigujarati wa ghorofa ya juu vipande 20. Kisanduku kilirudi na ghughra zake ndani, vile vitamu vya kukaanga vyenye umbo la sambusa ya nusu mwezi, na ujumbe kwamba mwakani nimfanyie vya kuwagawia wageni.

Wewe mwenye uji, usimwage. Urudishe motoni, moto mdogo, koroga mpaka ushikane, bado unafaa. Na wifi, najua unasoma hapa: vya safari hii vimeisha.