Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Wote Maabarani

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara za kemia za vyuo vikuu. Tumechagua zile zinazohusu vitu vinavyotumiwa na watu wengi. Huko ndiko hatari inakopenda kujificha, kwa sababu aliyeiacha ameshaondoka na anayeikuta hajui kilichotangulia.

SWALI: Chupa yetu ya taka za viyeyusho ilianza kupata moto na kutoa mlio wa "sss" kama saa moja baada ya mtu kumimina taka zake. Fundi alitutoa nje sote. Tunavyojua, ndani mlikuwa na asetoni na ethanoli tu. Kulikoni?

JIBU: Fundi wenu alifanya jambo sahihi. Chupa ikipata moto, ikivimba, ikitoa mlio au mvuke wa kahawia, haishikwi na haifunguliwi. Kama iko ndani ya kabati la kufyonza hewa, na kioo kinashushwa bila kuikaribia, kishusheni, kisha tokeni, fungeni mlango na mwarifu msimamizi wa usalama.

Mshukiwa wetu wa kwanza ni asidi ya nitriki. Asidi hiyo huoksidisha asetoni na ethanoli, lakini mara nyingi haianzi papo hapo. Mchanganyiko unaweza kutulia kwa dakika kadhaa, hata saa kadhaa. Wakati huo oksaidi za nitrojeni zinajikusanya, na hizo zenyewe huharakisha mmenyuko. Joto hupanda, gesi huongezeka, na kama kifuniko kimekazwa chupa hupasuka. Ndiyo maana aliyemimina huwa ameshafika bwenini kabla mambo hayajaharibika.

Ulizeni maswali mawili. La kwanza: nani aliosha vyombo kwa asidi ya nitriki kisha akavisuuza kwa asetoni, na msuuzo wote akaumwaga humo? La pili, ambalo watu husahau: chupa hiyo ilikuwa ya nini kabla ya kuwa ya taka? Chupa tupu ya asidi ya nitriki isigeuzwe kamwe kuwa chupa ya taka za kikaboni, hata kama imeoshwa. Chupa nyingine zisuuzwe mara tatu, zikaushwe, na lebo ya zamani ibanduliwe.

Kuanzia sasa, bandikeni karatasi kwenye kila chupa ya taka. Kila anayemimina aandike tarehe, jina lake, jina kamili la kemikali na kiasi. "Taka za kikaboni" si jina la kemikali. Acheni nafasi tupu ya angalau sehemu moja ya kumi juu, na tumieni kifuniko chenye tundu la kupumulia kama kipo. Taka zenye klorini, kama dikloromethani na klorofomu, ziwe na chupa yake: zikichomwa hutoa haidrojeni kloraidi, kwa hiyo uteketezaji wake ni wa namna yake na gharama yake ni kubwa. Kikombe kimoja cha klorofomu kikiingia kwenye chupa ya kawaida, chupa nzima imehama kundi. Klorofomu na asetoni zikikutana na besi kali pia hupata moto kwa fujo. Azaidi (chumvi kama sodiamu azaidi) na dikloromethani hutengeneza kitu kinacholipuka. Sianidi haikutanishwi na asidi, wala dawa ya klorini ya kufanyia usafi haikutanishwi na asidi. Ukiwa na shaka, anza chupa mpya. Plastiki na karatasi ya lebo ni vitu rahisi.

SWALI: Mwenzangu hushika vitasa, kompyuta na mizani akiwa na glavu. Nikimwambia, hujibu kwamba ni safi, ndiyo kwanza amezivaa. Nimwache?

JIBU: Usimwache. Hakuna anayeweza kuthibitisha usafi wa glavu kwa macho, na anayekuja kushika kitasa kwa mkono mtupu hakuulizwa. Unapobeba kitu korido, vua glavu moja: mkono wenye glavu ubebe chombo, mkono mtupu ufungue mlango.

Mkumbushe pia kwamba glavu nyembamba za nitraili ni kinga ya mrusho wa bahati mbaya tu. Asetoni na dikloromethani huzipita ndani ya dakika chache, na dikloromethani ndiyo yenye haraka zaidi. Ukirushiwa, vua mara moja, nawa, vaa nyingine. Mwaka 1996 mwanakemia Karen Wetterhahn wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethilimakyuri, sumu kali yenye zebaki, juu ya glavu za mpira asilia. Alifariki Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa kemikali hiyo hupenya glavu za aina hiyo kwa sekunde chache tu. Alikuwa amevaa glavu. Tatizo ni kwamba hazikuwa za kazi ile. Kwa hiyo soma jedwali la mtengenezaji, linaloonyesha glavu ipi huzuia kemikali ipi, kabla ya kuchagua.

SWALI: Rotavapo yetu (mashine ya kuvukiza viyeyusho kwa kuzungusha flaski ndani ya beseni la maji ya moto huku pampu ikivuta hewa) inatumiwa na vikundi vitatu. Kila siku kuna malalamiko: ombwe halishuki (yaani pampu inashindwa kupunguza shinikizo ndani), au bidhaa ya mtu inatoka na uchafu asioujua. Tutunge kanuni gani?

JIBU: Malalamiko yote mawili yana chanzo kinachofanana, nacho ni masalio ya mtu wa jana. Dikloromethani ikibaki kwenye chupa ya kupokelea, wewe unayetaka kuvukiza ethili asetati utaona ombwe limegoma. Ile dikloromethani ndiyo inayochemka upya na kuilisha pampu mvuke. Na uchafu usioujua kwa kawaida unakaa kwenye kile kibuyu cha kioo kinachozuia mfoko. Bidhaa ya mtu ilifoka ikaingia humo, mvuke wako ukaiosha, ikadondokea kwenye chupa yako.

Kanuni ya kwanza, basi: anayemaliza amwage kilicho kwenye chupa ya kupokelea (katika chupa sahihi ya taka), na asuuze kibuyu kwa asetoni. Anayeanza akague vyote viwili hata hivyo.

Kuhusu uendeshaji, kipimo kizuri ni 20, 40, 60: kipozeo kisizidi nyuzi 20, kiyeyusho kichemke kwenye 40, maji ya beseni yawe 60. Ili kuchemka kwenye nyuzi 40, asetoni inahitaji takriban milibari 556, ethili asetati 240, ethanoli 175 na maji 72. Shusheni shinikizo polepole hadi hapo. Anayefungulia pampu yote kwa pupa ndiye anayefokesha. Flaski isijae zaidi ya nusu. Unapomaliza, inua flaski kutoka majini, zima mzunguko, kisha ingiza hewa huku mkono umeishika. Flaski nyingi huzama kwenye beseni wakati huo huo, maana ombwe ndilo lililokuwa likizishikilia.

Mivuke ya asidi, kama haidrojeni kloraidi au thionili kloraidi, hula pampu. Mwenye kazi hiyo aweke mtego wa baridi (chombo kilichopozwa kinachonasa mvuke kabla haujafika kwenye pampu) na aandike daftarini. Kama mtego unapozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, msivute hewa kupitia humo: nitrojeni huchemka kwenye nyuzi −196 na oksijeni kwenye −183, kwa hiyo oksijeni ya hewani itageuka kuwa kimiminika. Ukiona kimiminika cha samawati hafifu mtegoni, usiondoe nitrojeni wala usiufunge mtego. Ondoka, umwite msimamizi.

SWALI: Tumekuta chupa ya etha isiyo na tarehe kwenye friji ya kawaida ya maabara. Tuihamishe?

JIBU: Msiiguse kwanza. Iangalieni kwa tochi bila kuisogeza. Mkiona fuwele shingoni au chini, au ikiwa hakuna ajuaye umri wake, hiyo ni kazi ya wataalamu wa taka hatari. Etha ikikaa na hewa hutengeneza peroksaidi, na kusokota tu kifuniko chenye fuwele kunatosha kuilipua. Chupa yenye tarehe hupimwa kwa vijiti vya peroksaidi. Ikizidi 100 ppm (sehemu 100 kwa milioni) isitumike wala isivukizwe. Tarehe ziwe mbili: ya kupokelewa na ya kufunguliwa.

Friji nayo ni kosa la pili. Taa na swichi ya joto ya friji ya nyumbani hutoa cheche, na mvuke wa etha huwaka hata kwenye nyuzi −45. Tafuteni friji iliyotengenezwa kwa viyeyusho.

SWALI: Elektrodi ya pH (kijiti cha kupimia uasidi) ya darasa tunaihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa. Kila muhula inakufa.

JIBU: Maji hayo ndiyo yanayoiua, kwa kunyonya chumvi iliyo ndani yake. Ihifadhini kwenye potasiamu kloraidi ya 3 M (moli 3 kwa lita): gramu 22.4 zilizoyeyushwa hadi kufika mililita 100. Ikikauka, ilazeni humo usiku kucha kabla ya kuikatia tamaa. Na msiipanguse kwa karatasi, igusisheni tu.