Maswali ya Wasomaji: Ukikutana na Mtu Mashuhuri Njiani

Safu ya toleo hili tumeiachia suala moja, kwa sababu barua zilizotufikia kuhusu kukutana kwa bahati na watu mashuhuri zimekuwa nyingi, na zaidi ya nusu zimeandikwa na watu waliobaki na majuto. Tumechagua nne. Tumezifupisha bila kubadili maana, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na katika kiti kilichotazamana na changu akaketi mwimbaji wa taarabu ambaye mama yangu amemsikiliza tangu mimi sijazaliwa. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka, tukafika Morogoro bila kumsemesha. Mama alisikitika sana nilipomsimulia. Ningesema nini? (Msomaji wa kike, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuduwaa mbele ya mtu unayemheshimu si ukosefu wa adabu wala si woga wa kitoto, na limewapata hata watu waliosafiri miezi kadhaa kwa ajili ya kuonana na mtu mmoja tu. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone, wenyeji na wageni waliojaa pale, Wajiji, Wanyamwezi, Warundi, Waarabu na wengineo, walimpokea kwa kelele za salamu bila kujiuliza mara mbili. Yeye mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, alikiri kwamba alitamani kumkimbilia mzee yule na kumkumbatia, ila hakujua angepokewaje, na umati ulikuwa ukimtazama. Kwa hiyo alikwenda polepole, akavua kofia, akasema sentensi moja kavu ya kuuliza kama huyu ndiye Dokta Livingstone. Ikiwa mtu aliyevuka nyika yote kutoka pwani alikwama namna hiyo, wewe uliyekwama katika safari fupi ya treni usijilaumu.

Hata hivyo ulikuwa na kitu ambacho Stanley hakukijua vizuri, nacho ni shikamoo. Katika nchi zetu mdogo anapomwamkia mkubwa hahitaji kujitambulisha wala kueleza sababu, na hakuna atakayemshangaa. Ungemwamkia mama yule kama ambavyo ungemwamkia mama mwingine yeyote aliyeketi pale, na jinsi atakavyoitika ndiyo itakayokuonyesha ufanye nini baadaye. Akisema marahaba na kurudisha macho dirishani, amekupa haki yako na mazungumzo yameishia hapo, nawe hujapoteza kitu. Akikuuliza watoka wapi na nyumbani hawajambo, basi amekukaribisha, na hapo ndipo ungemweleza habari za mama yako: ni wimbo upi anaoupenda, aliusikia wapi kwa mara ya kwanza, na huuimba akiwa katika shughuli gani. Waimbaji wetu husifiwa kwa maneno ya jumla kila siku, ila ni mara chache wanaelezwa kazi yao ilivyoishi ndani ya nyumba ya mtu wasiyemjua, na nina hakika kwamba jambo hilo wanalithamini kuliko sifa.

Bado hujachelewa. Mwombe mama akutajie kwa maneno yake yale ambayo angependa kuyasema, uyaandike katika barua ya ukurasa mmoja, uipeleke kwa kikundi anachoimbia. Vikundi vya taarabu vina viongozi na vina mahali pa kufanyia mazoezi, na barua ya karatasi inayoletwa kwa mkono huwa haipotei kirahisi kama ujumbe wa mtandaoni.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilimwona mchezaji wa mpira anayejulikana nchi nzima akila chakula na watoto wake hotelini hapa Mwanza. Nilimpiga picha kwa mbali bila yeye kujua, nikaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Kesho yake nikaiona katika makundi mengine nisiyoyajua. Dada yangu ananigombeza. Mimi nasema mtu aliyechagua umaarufu hana siri akiwa hadharani. Nani mkweli? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Dada yako ndiye mkweli, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini bila kuzunguka. Mchezaji yule anapoingia uwanjani anajua kwamba anapigwa picha, na mkataba wake, jezi yake na mshahara wake vinahusika na kutazamwa huko. Anapomkatia mwanawe nyama mezani hayupo kazini. Tena umesahau kwamba katika picha yako wamo watu ambao hawakuchagua umaarufu wowote, yaani watoto. Leo nyuso zao, na pengine jina la hoteli wanayopendelea kula, zimo katika simu za watu ambao wewe huwezi kuwataja.

Sheria nayo haiko upande wako kama unavyodhani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake, wala haisemi kwamba haki hiyo humalizika mtu akifunga mabao mengi. Majirani zetu wa Kenya wanayo Ibara ya 31 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inayolinda faragha kwa namna hiyo hiyo. Juu ya hayo, Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na sisi tukapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote mbili zinazipa taarifa za watoto uzito wa pekee. Sisemi kwamba utaitwa mahakamani kwa sababu ya picha moja. Ninalosema ni kwamba hoja yako ya kwamba mtu maarufu hana siri haina msingi, si katika adabu na si katika sheria, nami ningependa uiache kabisa.

Sasa lililobaki ni kupunguza madhara. Ifute picha katika simu yako, mwombe msimamizi wa kundi la ukoo aifute, na uandike pale pale kwamba uliituma bila idhini na hupendi iendelee kusambazwa. Siku nyingine ukimwona, subiri amalize kula, umwendee ukiwa na simu mfukoni, umsalimie, kisha uombe picha ya ninyi wawili bila watoto. Akikataa, mshukuru na uondoke. Wachezaji wengi hukubali, na picha iliyopigwa kwa ridhaa hutaona haya kumwonyesha dada yako.

SWALI: Mhariri, nina miaka 17 na ninapenda mbio. Mjomba anaishi Iten na likizo hii nitamtembelea. Rafiki zangu wanasema huko unaweza kukutana na bingwa wa dunia barabarani kama unavyokutana na jirani. Ni kweli? Na nikikutana naye nimwombe nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni kweli, kijana wangu. Iten ipo kwenye kilele cha ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko ndiyo inayowavuta wanariadha wa Kenya na wa mataifa mengine. Asubuhi utawaona makundi kwa makundi kwenye barabara za udongo, na katika kundi moja anaweza kuwemo mshindi wa medali pamoja na kijana ambaye bado anakimbia na viatu vya kuazima.

Shika kanuni moja: mwanariadha anayekimbia usimsimamishe. Mazoezi yake yamepangwa kwa dakika na sekunde, na kumkatiza katikati ni kumharibia kazi ya siku nzima. Mpungie mkono, mpishe njia. Wakati wa kusema naye ni baada ya mazoezi, anaponyoosha viungo au anapokunywa chai.

Ama kuhusu la kuomba, nitakukumbusha kisa ambacho wahusika wenyewe wamekisimulia mara nyingi. Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, alirudi kwao Nandi akawa anasaidia kuandaa mashindano ya vijana. Mnamo mwaka 2001 kijana wa miaka 16 ambaye Sang hakumfahamu alimwendea. Kijana yule hakuomba sahihi, hakuomba fedha wala viatu. Aliomba ratiba ya mazoezi. Sang akampa ya siku chache. Siku zilipokwisha kijana akarudi kuomba nyingine, na nyingine tena, hadi alipoanza kushinda mashindano ya eneo lao, na ndipo Sang alipomuuliza jina akatambua kwamba mama wa kijana huyo ndiye aliyemfundisha yeye mwenyewe katika shule ya chekechea. Kijana huyo alikuwa Eliud Kipchoge. Mwaka 2003 akiwa na miaka 18 alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya dunia jijini Paris, akiwatangulia Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele, na Sang bado alikuwa kocha wake alipokimbia umbali wa marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Ninachokipenda zaidi katika kisa hiki si ile siku ya kwanza, bali ni kwamba kijana alirudi akiwa ameitimiza ratiba. Basi andaa swali moja ambalo jibu lake utalifanyia kazi: namna ya kupumzika baada ya mbio ndefu, au kilomita ngapi kwa wiki zinamfaa mtu wa umri wako. Ukijibiwa, lifanye kwanza, ndipo umtafute tena.

SWALI: Mhariri, babu yangu alikuwa mpishi hotelini Dar es Salaam. Husimulia kwamba mwaka 1980 alishikana mkono na Muhammad Ali, na kwamba Ali alimrushia ngumi ya mzaha. Wajomba hucheka, wanasema babu amechanganya na pambano la Kinshasa alilolisikia redioni. Babu hunyamaza wakicheka. Nifanyeje nijue ukweli? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Mjukuu, nimefurahi kwamba umeandika babu akiwa hai. Wajomba wako wamekosea katika jambo la msingi, kwa maana Muhammad Ali alifika kweli Dar es Salaam mwanzoni mwa Februari 1980, wala hakuja kupigana. Wakati huo alikuwa ameshatangaza kustaafu ngumi. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka mataifa yasusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Ali, ambaye alikuwa India kwa shughuli za hisani, akaombwa azunguke Afrika kuzishawishi serikali, na Tanzania ikawa kituo chake cha kwanza kabla ya Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal.

Watu walimlaki kwa shangwe kubwa, lakini serikali haikufurahishwa na ujumbe wenyewe. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, kwa kuwa aliona si heshima kwa suala zito kama lile kuletwa na mwanamichezo. Waandishi wa habari nao walimuuliza swali gumu: mwaka 1976 zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Marekani haikuziunga mkono, je, kwa nini sasa Afrika iiunge mkono Marekani? Ali alikiri kwamba jambo hilo hakulijua, na akasema wazi kwamba huenda ametumwa bila kuelezwa yote. Mimi humheshimu kwa ukweli ule kuliko kwa mapambano yake mengi. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Kwa hiyo mwaka anaoutaja babu ni sahihi, na jiji ni sahihi. Ile ngumi ya mzaha inaelekea kuwa kweli pia, maana Ali alizoea kuwafanyia hivyo watu asiowajua kila alikokwenda. Ila kwa kuwa tabia hiyo ilijulikana sana, peke yake haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni mambo madogo ambayo hayakuandikwa popote. Muulize babu hoteli ilikuwa ipi na yeye alikuwa zamu ya saa ngapi, alipika nini siku hiyo, Ali alikuwa na nani, alivaa nini, na nani mwingine wa jikoni aliyetoka kumwona. Usimpe majibu ndani ya maswali, na asipokumbuka umwache. Akisema alimwona Ali akipigana ulingoni Dar es Salaam, au akiwa ameketi na Mwalimu katika safari hiyo, jua hapo kumbukumbu imechanganyika. Kuchanganyika sehemu moja hakufuti sehemu nyingine: hata ule mkutano wa Ujiji, ambao dunia nzima inaujua, wanahistoria hawajakubaliana juu ya tarehe yake, na kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu dakika ile zilichanwa.

Kisha nenda Maktaba Kuu ya Taifa, au katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe magazeti ya Uhuru na Daily News ya wiki mbili za kwanza za Februari 1980. Linganisha na aliyoyasema babu, lakini mrekodi kwanza kabla hujamsomea gazeti, ili maneno ya gazeti yasije yakaingia katika kumbukumbu zake. Na wajomba wako waalike wakusikilize ukimhoji, kwa sharti kwamba hakuna atakayemkatiza mzee hadi amalize.