Kiazi kimeingia shimoni, pointi zimeenda wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi msomaji wenu wa Morogoro. Kuna klipu inazunguka kwenye simu, jamaa wa Uingereza anarusha kiazi kinazama kwenye shimo la gofu mara moja tu, watu wanashangilia kama fainali, halafu baadae eti hana pointi! Pale geto tumebishana mpaka ugali ukapoa. Hivi hajadhulumiwa? Na shoo zenyewe si wanapanga tu?

JIBU: Salama mdogo wangu. Hajadhulumiwa, ila inauma, tena inauma kweli.

Huyo ni mchekeshaji Joe Wilkinson na shoo inaitwa Taskmaster, msimu wa pili, mwaka 2016. Washiriki ni watano, kila mmoja anafungua bahasha anakuta kazi ya ajabu ajabu anaifanya peke yake bila kujua wenzake wamefanyaje, halafu siku nyingine wanakaa wote studio mbele ya watu wanaangalia video, Greg Davies ndo hakimu, wa kwanza anapata pointi tano. Siku hiyo bahasha ilisema ingiza kiazi kwenye shimo, usiguse lile eneo jekundu linalozunguka shimo. Mtu yeyote hapo kichwa kinaanza kuwaza nipate kamba, nipate mti mrefu, nitengeneze njia ya kukiviringisha. Joe hakuwaza yote hayo, kasogea ukingoni, kakirusha, kikazama. Basi. Mimi nimeiangalia mara nyingi na bado nywele zinasimama, maana kiazi hakina umbo, kikidunda huwezi kujua kinaelekea wapi.

Sasa rudi kwenye klipu, kiazi kiache, angalia mguu. Kidole cha mbele cha kiatu kimelalia ule wekundu, kidogo tu lakini kimelala. Pale studio watu walishapagawa kwa furaha, wenzake ndo wakaanza kuhoji ule mguu, video ikarudishwa kama VAR, ikaonekana, Greg akamfuta. Ukimwangalia Joe usoni pale unaweza ukalia.

Wanaosema "si mchezo wa kuchekesha tu, wangemwachia" mimi siwaungi mkono hata kidogo. Julius Yego alivyorusha mkuki mita 92.72 kule Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, angegusa ule mstari wa mbele mita zote hizo zisingehesabiwa, na hakuna Mkenya angesema refa ana roho mbaya. Kazi ya kiazi ilikua na katazo moja tu, ukilitoa hilo imebaki nini? Mtu anatembea anakiweka shimoni kwa mkono anaondoka. Ugumu wote upo kwenye ule wekundu, na ule mrusho ulitushtua kwa sababu tuliamini amesimama nje.

Kuhusu kupanga, kazi zinatungwa ndio, mtungaji ni Alex Horne, yule msaidizi anayekaa pembeni ya Greg. Ila kiazi kuzama kwa mrusho mmoja utakipangaje?

Ubingwa wa msimu ule aliubeba mshiriki mwenzake, Katherine Ryan. Ila ukimtaja Joe kwa mashabiki wa shoo hiyo, wanachokuuliza kwanza ni kile kiazi. Waambie wa geto wairudie klipu taratibu, macho kwenye kiatu.